Mifano Midogo ya Magari ya Moshi na Faida Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa kuunda gari dogo la moshi ni mchezo wa watoto tu. Mtoto akikunja waya na kukata makopo, akajitengenezea gari lake na kulisukuma njiani, mzazi hutabasamu, kisha humwambia aache mchezo akachunge mbuzi au akashike kitabu. Lakini ziko nchi ambamo watu wazima, wakiwamo mafundi, walimu na makarani, huketi jioni nyingi wakiunda injini ndogo ya moshi kwa subira kama ya sonara, na majumba ya makumbusho huiheshimu kazi yao. Miongoni mwa nchi hizo ni Norwe, Uswidi na Denmark, ambazo kwa pamoja huitwa Skandinavia.

Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji, hasa wale wa Ongata Rongai, Kitengela na Kajiado, kazi hiyo ni ya namna gani, ina uhusiano gani na reli zetu, na kwa nini yatupasa kuianza sisi wenyewe bila kukawia.

Reli katika nchi ya Kajiado

Jina la Ongata Rongai ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba. Kwa miaka mingi uwanda huo haukuwa na reli. Reli ya zamani ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilipita upande wa mashariki. Ndipo kampuni ya Magadi Soda, iliyoundwa mwaka 1911, ilipotaka njia ya kuchukulia magadi kutoka ziwani, na reli nyingine ikatolewa Konza, ikapita Kajiado, ikateremka bondeni hadi Magadi. Njia hiyo, yenye urefu wa kilometa 146 hivi, ilikamilika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na hata leo magadi huchukuliwa kwa njia hiyo.

Rongai yenyewe ilingoja mpaka mwaka 2019, ilipofunguliwa reli mpya ya upana wa milimita 1,435 kutoka Nairobi hadi Suswa, ikiwa na stesheni yake Ongata Rongai. Injini zinazopita hapo ni za dizeli. Kijana wa Rongai aliyezaliwa baada ya mwaka 1980 huenda hajapata kamwe kuiona injini ya moshi ikifanya kazi ya kila siku. Aijua kwa picha, au kwa masimulizi ya babu yake, au kwa kuitazama ikiwa imesimama kimya katika Jumba la Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Neno hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Tofauti ya kichezeo na mfano

Kichezeo hufanana na magari ya moshi yote kwa jumla. Kina dohani, kina magurudumu, kimepakwa rangi nyekundu, basi mtoto ameridhika. Mfano halisi haufanani na magari yote, bali hufanana na gari moja tu. Tena haufanani na gari hilo katika siku zake zote, bali katika mwaka mmoja uliochaguliwa na fundi. Huo ndio msingi wa kazi hii, na asiyeuelewa hawezi kuielewa kazi yenyewe.

Nitatoa mfano wa Uswidi. Kati ya mwaka 1914 na 1916 kiwanda cha Nydqvist & Holm katika mji wa Trollhättan kiliwaundia Waswidi injini 11 kubwa za kuvuta magari ya abiria, zikaitwa aina ya F. Baadaye Waswidi walitia umeme katika reli zao kubwa, wakawa hawana haja nazo tena. Mwaka 1937 wakawauzia jirani zao wa Denmark injini zote 11. Wadenmark wakazipa jina la aina ya E, wakazizungushia dohani mikanda ya rangi nyekundu, nyeupe na nyekundu, ambayo ndiyo alama ya injini zao. Walizipenda mno hata wakaunda nyingine 25 za namna hiyo katika kiwanda cha Frichs mjini Aarhus, kati ya mwaka 1942 na 1950. Mfalme Frederik wa Tisa alipofariki mwaka 1972, jeneza lake lilipelekwa Roskilde kwa gari lililovutwa na injini za aina hiyo ya E, ingawa wakati ule kazi ya moshi ilikuwa imekwisha.

Sasa, fundi atakayetaka kuunda mfano wa injini hiyo hana budi kujiuliza: je, naunda injini ya Kiswidi ya mwaka 1920, au naunda injini ya Kidenmark ya mwaka 1950? Chuma ni kile kile, lakini rangi si ile, taa si zile, na dohani si ile. Akichanganya mambo ya miaka miwili katika injini moja, wenzake watamwambia kwamba ameunda injini isiyopata kuwako duniani. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani, ambayo huuza mifano ya injini hizo, imetengeneza ile ya Kiswidi na ile ya Kidenmark kama vitu viwili mbalimbali. Na mtu akitaka kuhakikisha, injini moja ya asili, namba 1200, imewekwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Gävle, nchini Uswidi, aende akaitazame na kuipima.

Ndiyo maana nasema kwamba kuunda mfano ni kazi ya kumbukumbu. Fundi huandika historia, ila badala ya kalamu ashika tupa na kipimo.

Reli nyembamba ya Norwe

Huenda msomaji akauliza, injini za nchi ya theluji zatuhusu nini sisi wa nchi ya jua? Zatuhusu sana, na sababu yake ni upana wa reli.

Katika Norwe alikuwako mhandisi aitwaye Carl Abraham Pihl, aliyezaliwa mwaka 1825 na kufariki mwaka 1897. Nchi yake ilikuwa na milima mingi, watu wachache na fedha kidogo. Akaona kwamba kujenga reli pana kama ya Waingereza katika nchi ya namna hiyo ni kupoteza mali, kwa kuwa reli pana yataka kona kubwa, na kona kubwa katika milima yataka kuchimba na kupasua miamba mingi. Reli nyembamba hupinda kwa urahisi ikafuata mlima ulivyo. Basi akachagua upana wa milimita 1,067, na mwaka 1862 ikafunguliwa njia ya kwanza ya upana huo kutoka Hamar hadi Grundset. Wengi walimpinga, hasa katika nchi yake mwenyewe, lakini nchi nyingine zilitumia kipimo hicho hicho, hata kikaenea katika sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika.

Reli yetu ya Mombasa ilichukua upana wa mita moja kamili, kwa kufuata reli za India, ambako vyombo na mafundi wengi walitoka. Tofauti ya mita moja na kipimo cha Pihl ni milimita 67 tu, yaani kama upana wa vidole vinne. Hata hivyo tofauti hiyo ndogo imewasumbua watu wengi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ni ya milimita 1,067. Kwa hiyo behewa la reli ya zamani ya Tanzania haliwezi kupita moja kwa moja katika reli hiyo, na shehena hazina budi kupakuliwa na kupakiwa upya mahali kama Kidatu.

Wahandisi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki waliliona jambo hilo mapema. Walipoagiza injini zao kubwa katika miaka ya 1950, walitaka ziundwe kwa namna ambayo magurudumu yaweza kubadilishwa kutoka mita moja kwenda milimita 1,067, ikiwa siku moja reli zetu zingeungana na zile za kusini. Siku hiyo haikufika, lakini katika mwili wa injini zetu mna nafasi iliyoachwa kwa ajili ya kipimo cha yule Mnorwe.

Kwa muunda mifano jambo hili lina faida. Kipimo kinachopendwa sana duniani ni cha 1 kwa 87, yaani kila milimita 87 za injini ya kweli huwa milimita moja ya mfano. Kwa kipimo hicho reli ya mita moja huwa na upana wa milimita 11 na nusu, na reli ya Pihl huwa na milimita 12 na kidogo. Kwa hiyo reli ndogo ya milimita 12, inayouzwa madukani Ulaya, hutumika kwa zote mbili. Mfano wa injini ya Norwe na mfano wa injini ya Kenya waweza kusimama katika reli moja, jambo ambalo injini zenyewe hazikupata kulifanya.

Jambo moja tena lastahili kutajwa. Karibu na mji wa Kristiansand, kusini mwa Norwe, kuna kipande cha reli ya Setesdal ya milimita 1,067, ambacho hutunzwa kama makumbusho, na injini za moshi huendeshwa hapo wakati wa kiangazi. Baadhi ya injini zake za kwanza ziliundwa na Dübs wa Glasgow katika miaka ya 1890. Mwaka 1903 kiwanda cha Dübs kiliungana na vingine kikawa North British Locomotive Company, na ni kampuni hiyo iliyotuundia sisi injini za aina ya 29 katika miaka ya 1950, zilizopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Mojawapo, namba 2921, huitwa "Masai of Kenya", nayo iko Nairobi. Basi injini ya Setesdal na injini iliyobeba jina la Wamaasai ni watoto wa mji mmoja.

Milima iliyotembea

Kwa ajili ya Norwe ziliundwa injini saba kubwa za kupanda mlima Dovre, kuanzia mwaka 1935. Watu waliziita "Dovregubben", kwa jina la mfalme wa mlima huo katika hadithi zao. Leo imebaki moja, nayo imetunzwa katika jumba la makumbusho la Hamar. Sisi nasi tulikuwa na milima yetu iliyotembea juu ya reli.

Injini za aina ya 59 ziliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester katika mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ya kwanza, namba 5901, iliitwa "Mount Kenya". Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa mita 31 na zaidi, nazo zilikuwa injini za moshi zenye nguvu kuliko zote zilizopata kupita katika reli ya upana wa mita moja. Kazi yao ilikuwa kuvuta shehena ya tani 1,200 kutoka Mombasa, penye usawa wa bahari, hadi Nairobi, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi.

Injini hizi huitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza aliyezibuni, Herbert William Garratt, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1907. Ubunifu wenyewe ni huu. Injini ya kawaida hubeba boila, yaani lile pipa kubwa la kuchemshia maji, juu ya magurudumu yake. Kwa hiyo reli ikiwa nyembamba, boila nalo haliwezi kunenepa, na nguvu huwa chache. Garratt aliliondoa boila juu ya magurudumu makubwa akalitundika katikati, kama mtu alalaye katika machela inayochukuliwa na wachukuzi wawili. Mbele kuna mchukuzi mmoja mwenye magurudumu, silinda na tangi la maji. Nyuma kuna mchukuzi wa pili mwenye vyake, pamoja na tangi la mafuta, kwa kuwa injini zetu zilichoma mafuta mazito wala si makaa. Njia ikipinda, kila mchukuzi hugeuka peke yake. Boila la aina ya 59 lilikuwa na unene wa mita 2.29, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyolibeba.

Sasa tulipime jitu hili kwa kipimo cha 1 kwa 87. Urefu wake unakuwa sentimita 36 na nusu, unene wa boila milimita 26. Lakini uzito haupungui mara 87 tu. Kitu kikipunguzwa urefu, upana na kimo, uzito hugawanywa kwa 87 mara tatu mfululizo. Kwa hesabu hiyo tani 252 zinakuwa kama gramu 380, chini ya nusu kilo. Mlima umekuwa mzigo wa mkono mmoja, na karani ataweza kuuweka juu ya meza yake kando ya kidau cha wino.

Kwa nini tusikawie

Kati ya injini 34 za aina ya 59, zilizobaki ni mbili, zote katika Jumba la Makumbusho ya Reli mjini Nairobi: namba 5918, "Mount Gelai", na namba 5930, "Mount Shengena". Nyingine zilikatwa zikauzwa kama vyuma chakavu. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1971 na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na lisingalikuwako, huenda tusingalibaki hata na hizo mbili.

Mtu aweza kusema, "Kama injini zenyewe zipo, mifano ni ya nini? Na kama vipimo vinatakiwa, si kuna michoro ya kiwandani?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya.

Kiwanda cha Beyer, Peacock kilifungwa mwaka 1966, na kumbukumbu zake ziko katika jumba la makumbusho mjini Manchester. Lakini michoro hiyo huonyesha injini kama ilivyotoka kiwandani. Haionyeshi yote iliyofanyiwa baada ya kufika kwetu. Mathalani, injini za aina ya 59 zilifungwa baadaye dohani ya namna nyingine, iliyobuniwa na Giesl-Gieslingen wa Austria ili kuokoa mafuta. Mdomo wake si duara kama wa kwanza, bali ni mwembamba na mrefu. Injini za aina ya 60 zilipewa kwanza majina ya magavana wa kikoloni; baada ya uhuru vibao vya majina viliondolewa. Hata rangi ya damu ya mzee, ambayo wengi huikumbuka, haikuwa rangi ya siku zote.

Na hayo ni makubwa, yaliyoandikwa vitabuni. Je, madogo? Karakana za Nairobi zilikuwa na mafundi Waafrika na Wahindi waliozijua injini hizi kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake. Injini ikifanya kazi miaka 20 na zaidi, bomba hupindishwa lisigonge mahali, kishikio husogezwa mkono ukifikie upesi, kiraka hutiwa, ngazi hubadilishwa. Mambo ya namna hiyo hayaonekani katika mchoro wa Manchester. Yamo katika chuma chenyewe, na katika vichwa vya wazee waliokuwa madereva, wachochea moto na mafundi. Chuma huliwa na kutu, na wazee nao hawakai milele. Dereva aliyekuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1975 amekwisha kupita miaka 80.

Hapa ndipo yule muunda mifano wa Skandinavia anapotufundisha jambo. Yeye hatazami injini kwa kupita tu. Akitaka kuunda kishikio, hana budi kujua kiko wapi, kina urefu gani, na kwa nini kiko hapo. Asipojua huuliza, na anayeulizwa ni mzee aliyekishika. Kwa njia hiyo maarifa hutoka katika kichwa cha mzee yakaingia katika daftari, na kutoka katika daftari yakaingia katika mfano ambao mjukuu ataushika kwa mikono yake. Maswali mengi kama hayo hayapati kuulizwa na mtu anayetaka picha tu.

Namna ya kuanza

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya yataka fedha nyingi. Ni kweli kwamba mfano mdogo wenye mota ya umeme, uliotengenezwa Ulaya, ni ghali. Lakini wa kuundwa kwa mkono si ghali, na vitu vyake viko karibu nasi. Watoto wetu wamekuwa wakiunda magari ya waya tangu zamani, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji mjini Nairobi hukunja bati likawa sanduku, jiko au karai kwa nyundo na macho tu. Ufundi upo. Kinachokosekana ni kipimo.

Kwanza, mtu asianze na Garratt. Ina magurudumu 28, makubwa 16 na madogo 12, na itamchosha. Na aanze na injini ya aina ya 29, kama "Masai of Kenya", yenye magurudumu 12 na behewa lake la mafuta na maji nyuma.

Pili, na achague kipimo kinachomfaa. Kwa bati na mbao, kipimo cha 1 kwa 20 ni chema, maana hesabu yake ni rahisi: kila mita moja ya kweli ni sentimita 5 za mfano. Reli ya mita moja inakuwa sentimita 5. Atakayefikia kuunda aina ya 59 ataona kwamba gurudumu kubwa la mita 1.37 linakuwa sentimita 7 kasoro kidogo, karibu sawa na mfuniko wa chupa ya jemu, na boila la mita 2.29 linakuwa sentimita 11 na nusu, unene wa kopo kubwa la maziwa ya unga. Injini nzima itapita mita moja na nusu, kwa hiyo na apime kwanza mlango wa nyumba yake.

Tatu, aende makumbusho akiwa na daftari, penseli na utepe wa kupimia, aombe ruhusa kwa wenye kulinda mahali pale, kisha apime na kuandika. Asipande juu ya injini wala asivute kitu. Aandike pia tarehe na namba ya injini, maana kipimo kisicho na namba hakina mwenyewe. Kutoka Rongai hadi makumbusho ni safari ya asubuhi moja kwa matatu.

Nne, amtafute mzee. Katika Kajiado, Konza, Magadi na Nairobi kuna jamaa nyingi ambazo baba au babu alikuwa mtu wa reli. Amwamkie kwa heshima, asikilize zaidi kuliko kusema, na amwonyeshe mchoro wake. Mzee akiuona mchoro atasema, "Hapa umekosea, mwanangu, bomba hili lilipita chini." Neno hilo moja ni faida kuliko picha kumi.

Onyo juu ya mvuke

Iko mifano mikubwa ambayo huwashwa moto kweli, ikachemsha maji na kumvuta mtu aliyeketi juu ya kigari. Mifano hiyo ni ya kupendeza, lakini nawaonya vijana kwa nguvu zote wasijaribu kuchemsha maji ndani ya kopo lililozibwa. Mvuke uliofungiwa hauna huruma. Boila la mfano wa namna hiyo huundwa kwa shaba nyekundu, hulehemiwa kwa fedha, huwekewa vali ya kupunguza nguvu ya mvuke, na kabla ya kuwashwa hujaribiwa kwa maji baridi yanayosukumwa kwa nguvu maradufu ya ile itakayotumika. Kopo la bati halina hata moja katika hayo. Litapasuka, na linaweza kumpofusha mtu au kumwua. Mfano usio na moto unatosha kabisa kwa kazi tuliyoieleza.

Mwisho

Mtoto wa Hamar akiuliza mfalme wa mlima Dovre alikuwa injini ya namna gani, ataonyeshwa chuma chenyewe, na ataonyeshwa mifano iliyoundwa na watu waliokipima kila pembe. Mtoto wa Rongai akiuliza namna babu yake alivyoupandisha mlima wa chuma kutoka Mombasa, naye apate kuonyeshwa. "Mount Gelai" na "Mount Shengena" bado zimesimama Nairobi, na wazee waliozishika bado wako baadhi yao. Mfano mmoja juu ya rafu ya shule moja ya Kajiado, wenye namba, mwaka na vipimo vya kweli, ungetosha kuwa mwanzo. Yeyote mwenye penseli, utepe na Jumamosi moja ya nafasi aweza kuuanza.